Mama Yumo Kabatini

Wasomaji wapendwa, wiki nzima mmekula, mmelala, mmekwenda kazini na kurudi. Mama yangu mzazi bado yumo ndani ya kabati.

Tulimwacha hapo, kama mnakumbuka. Kabati liko juu ya pikapu ya Mjomba. Pikapu iko kwenye foleni ya kituo cha forodha. Na afisa wa forodha amesimama mbele yangu, anagonga mlango wa kabati kwa kalamu.

“Fungua,” alisema.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, unaning’inia kwa kamba ya kiatu. Na upande wa pili wa pikapu, kwenye foleni ya waenda kwa miguu, alisimama mtu ambaye Mama aliingia kabatini ili asionane naye.

Mama Kidole.

Kwa wale walionunua gazeti hili leo ili kusafishia vioo vya madirisha, nitaeleza upesi, maana afisa anasubiri.

Dada yangu amechumbiwa na daktari wa meno. Mama wa daktari huyo ndiye Mama Kidole, jina nililompa mimi siku alipokuja kwetu, akapitisha kidole juu ya kila kitu kisha akakitazama kidole. Mama alijua atakipitisha. Kabla ya ugeni ule alivuka mpaka, akaenda kwenye duka kubwa la samani la upande wa pili, akanunua kabati la nguo lenye milango mitatu na kioo katikati. Duka lile lina utaratibu wake: ukirudisha kitu kabla nailoni yake haijafunguliwa, wanakipokea bila maneno. Kwa hiyo Mama hakununua kabati hasa. Alinunua heshima ya Jumamosi moja.

Kabati likagoma kupita mlango wa chumbani. Likabaki sebuleni, limevaa nailoni yake kama mtu aliyeshikwa na mvua. Mama akawaambia wageni, bila kupepesa jicho, kwamba siku hizi ndio mtindo: kabati la nguo hukaa sebuleni, na nailoni haitolewi kwa sababu ya vumbi. Mama Kidole akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyefunuliwa siri ya serikali.

Leo tulikuwa tunalirudisha. Tulipofika mpakani, Mama akamwona mkwe wake mtarajiwa kwenye foleni. “Akinikuta narudisha kabati, harusi imekufa,” alisema. Akapasua nailoni upande wa kulia, akaingia. Mimi nikafunga kwa ufunguo.

Haya. Sasa tuko sawa, hata nyinyi wa madirisha.

“Wewe binti, husikii? Nimesema fungua.”

“Ufunguo tumeusahau nyumbani, afande.”

“Uko shingoni.”

Niliutazama kama ninauona kwa mara ya kwanza. Shule ya bweni imenifunza mengi, lakini kuficha kitu kinachoning’inia shingoni hakukuwamo kwenye mtaala.

Nikapenyeza mkono chini ya nailoni, nikaufungua kidogo mlango wa kushoto. Rafu tupu.

“Na huu wa katikati?”

“Huo ni kioo tu. Haufunguki.”

“Na wa kulia?”

“Wa kulia haupendi kufunguliwa, afande.”

Kabati likapiga chafya.

Afisa akanitazama. Nikamtazama kwa uso ninaoutumia wakati wa ibada ya asubuhi.

“Ni mbao mbichi,” nilisema. “Zikikauka hutoa sauti.”

“Zinapiga chafya?”

“Inategemea mti.”

Akaninyang’anya ufunguo, kamba ikakatika ikabaki shingoni mwangu, akafungua mwenyewe, nafasi ya kutosha jicho moja. Najua alichokiona. Alimwona mama yangu amechuchumaa ndani ya gauni lake la kuendea ugenini, viatu vimekumbatiwa kifuani, kidole mdomoni.

Hapohapo, kutoka upande wa pili wa pikapu, ikasikika sauti iliyozoea kutiiwa.

“Afisa! Foleni haisogei kwa nini? Na hii meza yako inafutwa lini? Hebu tazama. Tazama kidole changu!”

Afisa akageuka kukitazama kidole kwa juu ya boneti. Kilikuwa cheusi. Akamrudia Mama kule gizani. Usoni mwake nikaona huruma ya mwanamume ambaye naye ana mama mkwe mahali fulani duniani.

“Kabati tupu!” akatangaza kwa sauti kubwa. Kisha akainama, akanong’ona, “Kibali.”

Mkono ukatoka kabatini umeshika kibali cha kuvukia mpaka. Afisa akakipiga muhuri. Mkono ukarudi ndani.

“Safari njema,” aliliambia kabati, akalifunga, akanirudishia ufunguo wangu.

Nilidhani tumepona. Wasomaji, msidhani kamwe.

“Wewe!”

Mama Kidole alikuwa ameizunguka pikapu. Mikono yake miwili ilikumbatia mfuko mkubwa uliovimba kama mto, na hakuuachia hata aliponinyooshea kidevu. “Wewe si yule kitindamimba wa kwa mkwe wangu?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Na hili si lile kabati la mama yako?”

“Ndilo, mama.”

“Linakwenda wapi?”

Kuna watu huambiwa na wazazi wao kuwa uongo ni dhambi. Mimi pia niliambiwa. Lakini mzazi aliyeniambia alikuwa amefungiwa ndani ya kabati na alinitegemea.

“Linakwenda kufanyiwa sevisi.”

“Sevisi? Kabati?”

“Kila mwaka, mama, kama gari. Wanaangalia bawaba, wanaangalia kioo. Usipolipeleka, linaanza kulia.”

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. “Sevisi,” alisema tena, taratibu. “Mama yako mwenyewe yuko wapi?”

“Yuko ndani.”

“Vizuri. Mwanamke mwenye kazi zake hazururi mipakani.” Akauweka sawa mfuko wake. “Basi ni bahati. Mimi nami naenda dukani hukohuko, natafuta kabati kama hili. Mume wangu anasema kuweka kabati sebuleni ni wazimu. Nimemwambia, mtindo utaujulia wapi wewe? Mtanipa lifti.”

Hakuuliza. Aliarifu. Akapanda mbele.

Hapo niwajulishe kwa Mjomba, kaka yake Mama, dereva wetu na fundi bomba kwa kazi yake. Mjomba ana ugonjwa mmoja: hawezi kusema uongo. Ukimuuliza, anasema. Kwa hiyo asubuhi Mama alimpa kitambaa na amri: akikutana na mtu yeyote anayetujua, akiweke shavuni, augue jino, asifungue kinywa hata kidogo.

Mpango mzuri. Tulisahau tu kuwa mtu tuliyemwogopa kuliko wote amezaa daktari wa meno.

Nilikaa nyuma, mgongo kwenye kabati, mdomo kwenye tundu la ufunguo.

“Mama.”

“Tumepita?”

“Tumepita.”

“Mama Kidole amebaki kule?”

“Hapana. Amekaa kwenye kiti chako.”

Viatu vikaanguka ndani ya kabati.

“Kiti changu?”

“Amekipangusa kwanza.”

“Mungu wangu. Nimekosa nini mimi hapa duniani?”

“Unataka nianzie wapi?”

“Nikitoka humu,” kabati lilisema kwa utulivu wa kutisha, “wewe ndiye utakayeingia.”

Pikapu ikayumba. Nikachungulia kwenye kioo cha nyuma. Mama Kidole alikuwa amemshika Mjomba taya kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado umelikumbatia furushi lake.

“Panua. Panua zaidi! Mwanangu ananionyesha haya mambo. Lipi? La nyuma? Hili?”

“Aaa,” alisema Mjomba.

“Hilo halina kitu! Lingine!”

Mtu wa baiskeli akajitupa majanini. Kabati likateleza likagonga ubavu wa gari, na tundu la ufunguo likapiga kelele: “Mwambie kaka yangu aangalie barabara!”

“Hawezi, Mama. Ameelekezwa juu.”

Tulifika dukani kwa rehema tu. Kabla pikapu haijasimama vizuri, Mama Kidole alikwisha shuka na kutokomea ndani na mfuko wake. Niliona ajabu kidogo. Mtu aliyekuja kununua kabati alikuwa amelipita banda zima la makabati bila kugeuza shingo.

Sikuwa na muda wa kuwaza. Muuzaji alikuwa anakuja. Ni kijana nadhifu anayevaa utepe wa kupimia shingoni kama daktari anavyovaa kipimo chake, na hasahau mteja.

“Karibuni tena! Linarudi, eti?”

“Tafadhali sema polepole. Linakuja sevisi.”

“Sevisi gani?”

“Ile ya mwaka.”

“Mlilinunua juzi!”

“Mwaka huu umekwenda mbio.”

Vijana wa kubeba wakalishusha. Mmoja akaguna. “Hili si nililipakia mimi mwenyewe? Mbona lilikuwa jepesi?”

“Limenenepa,” nilieleza. “Limekaa sebuleni, halifanyi kazi.”

“Nani amenenepa?” ikasikika kwa mbali sana, kana kwamba kutoka ardhini. Nikakohoa kwa nguvu mpaka wakalitua, katikati ya duka, mbele ya safu ya vitanda.

Muuzaji akalizunguka. Akapapasa nailoni ya kushoto, akaridhika. Akapapasa ya katikati, akaridhika. Akafika kulia, akasimama.

“Imepasuliwa.”

“Imepasukia njiani. Upepo.”

“Binti,” alisema kwa huzuni, “upepo gani unapasua nailoni kwa umbo la mtu?”

Lazima niwe mkweli, angalau kwenu: ni kweli lilikuwa umbo la mtu. Hata nyonga zilionekana.

“Basi hapa hakuna kurudisha. Utaratibu ni utaratibu. Mwambie mama yako kabati ni lake maisha yake yote.” Akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Huo ulikuwa msiba, lakini msiba wa baadaye. Wa sasa ulikuwa kumtoa Mama wakati duka limegeuza macho. Nikatazama kulia: hakuna mtu. Nikatazama kushoto: Mjomba na kitambaa chake, anasugua taya. Nikatia ufunguo tunduni.

“Yametumika, mama!”

Nikaganda. Sauti ilitoka nyuma, kwenye kaunta ya mapazia, ya dada mmoja anayeuza hapo.

“Hayajatumika hata kidogo!” Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Kidole. “Yalitundikwa tu, yapate hewa!”

“Mama, yananuka vitunguu.”

“Vitunguu vya jirani!”

Nikageuka. Ule mfuko uliovimba ulikuwa mtupu. Juu ya kaunta yalimwagika mapazia ya bluu yenye pindo za dhahabu. Niliyajua.

Ni mapazia ya sebuleni kwa Mama Kidole. Tulipoalikwa kwake mara ya kwanza, Mama aliyashika, akayaachia, akayashika tena. Tuliporudi nyumbani hakugusa chakula. “Watu wenye mapazia yale,” alisema, “hawawezi kuoa kwenye nyumba yenye kabati la mlango mmoja.” Mapazia yale ndiyo yaliyotuvusha mpaka. Mapazia yale ndiyo yaliyonunua kabati letu.

Na sasa yalikuwa yanarudishwa dukani.

Mama Kidole akageuka pia. Akaniona. Akaona kwamba nimeona. Akayakunja mapazia yote mikononi, akaja mbio na pindo zikiburuzika sakafuni, akanisukumia pembeni mwa kabati. Tundu la ufunguo lilikuwa sentimita chache tu kutoka sikioni kwake.

“Umeona nini?”

“Mapazia, mama.”

“Umeyatambua?”

“Ni yale yaliyomnyima mama yangu usingizi.”

“Yalimnyima usingizi? Kweli?” Uso wake ukang’aa. Kisha akakumbuka tulipo, ukazima. “Sikiliza, mwanangu. Kabati halifanyiwi sevisi.”

“Halifanyiwi, mama?”

“Nyamaza. Nilijua tangu forodhani. Nailoni yenu niliijua tangu nilipokanyaga kizingiti chenu. Mtu anayechukia vumbi hulifuta, hafuniki. Lakini ningesema nini, na mapazia yangu yalikuwa bado na lebo nyuma? Siku mlipokuja kwangu nilikaa mchana kutwa naomba upepo usivume.” Akanishika bega. “Wewe usiseme langu, nami sisemi lenu. Mama yako asijue kabisa. Mwanamke yule ana jicho! Namwogopa sana. Akijua, mimi nitajificha wapi?”

Ndani ya kabati kukatokea sauti ndogo, kama chura aliyekaliwa. Niliitambua. Ni kicheko cha mama yangu kinapozuiwa kwa mikono miwili.

“Nini hicho?”

“Mbao mbichi, mama.”

Wasomaji, hapo ndipo hadithi hii ilipotaka kuisha vizuri. Wanawake wawili wameogopana bure, na kati yao kuna ubao mmoja na ufunguo mmoja. Mtoto mwema angefungua. Nilikuwa tayari kuwa mtoto mwema. Nilikwisha unyoosha mkono.

Kengele ya mlango wa duka ikalia.

Wakaingia Dada na mchumba wake, wameshikana mikono. Dada aliyesema leo anashinda kwa fundi cherehani. Shemeji aliyesema leo anang’oa meno tangu asubuhi hadi jioni.

“Mwanangu!” Mama Kidole akanong’ona, uso umekauka. “Asinione! Nilimwambia mapazia ni urithi wa bibi yake!”

Akaangaza huku. Vitanda, vitupu. Akaangaza kule. Kioo. Ndipo akaona ufunguo tunduni.

Sikuwahi. Akauzungusha, akaufungua mlango wa kulia, akaingia kinyumenyume na mapazia yake, kwa haiba ya malkia anayekwenda uhamishoni. Mlango ukajifunga nyuma ya pindo la mwisho.

Nilisubiri ukelele.

Hakuna.

Nilisubiri kofi.

Hakuna. Kimya kitupu. Kimya kile kiliniogopesha kuliko kelele zote nilizowahi kuzisababisha, na nimesababisha nyingi. Mkono wangu ukafanya kile ambacho mkono wa mwanafunzi wa bweni hufanya ukisikia viatu vya matroni: ukafunga kwanza, ukachomoa ufunguo, mawazo yaje baadaye.

“Wewe!” Dada alikuwa ameniona. “Unafanya nini huku?”

“Nimemsindikiza Mjomba.”

“Mama yuko wapi?”

“Yuko ndani.”

“Afadhali.”

“Na mama yangu?” aliuliza Shemeji, akitazama nyuma ya vitanda. “Hujamwona huku?”

“Wakati huu simwoni, shemeji.” Kila neno la kweli.

Dada akanivuta. Katika duka zima, lenye kona na mapazia na magodoro ya kutosha jeshi, alinivutia wapi? Kwenye kabati. Akaliegemea kabisa.

“Kwa kuwa umetukuta, utanyamaza. Niapie.”

“Naapa.”

“Tumepata nyumba. Ndogo, ina vyumba viwili, iko mbali. Tumekuja kutafuta vitu vyake. Mama hajui, na mama yake pia hajui.”

“Harusi je?”

“Harusi iko palepale. Wataalikwa, watacheza, watalia. Ila nyumba yetu hawataijua mpaka tuizoee wenyewe. Wakiijua leo, kesho mama yangu analeta kabati na wake analeta kidole.”

“Mimi nataka kiti kimoja tu,” alisema Shemeji, “ambacho mtu akikikalia hakipigi kelele ya nailoni.”

Dada akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akaipapasa nailoni iliyokuwa mgongoni kwake.

“Unajua mdogo wangu, siku ile ya ugeni niliwatazama Mama na mkwe wangu wamekaa kwenye viti vilivyofunikwa nailoni, wanatabasamu, wanaogopa hata kuegemea. Nikasema, hawa wanawake wangependana. Wangepata muda wangependana sana. Lakini kila mmoja anamwonyesha mwenzake vitu. Mimi nimechoka kuishi ndani ya nailoni.”

Nilitega sikio langu lililo upande wa kabati. Safari hii hakuna aliyecheka.

Muuzaji akatokea, anajifuta mikono. “Binti, mmeamua nini na kabati lenu? Siwezi kulipokea, na limekaa njiani mwa wateja.”

Dada akageuka. Akalitazama vizuri. “Hili si la Mama?”

“Ndilo,” nilisema. “Limekataliwa.”

Akaingiza vidole kwenye ule mpasuko wa umbo la mtu, akavuta. Nailoni ikalia. Akavuta tena, kwa mikono yote miwili, mpaka ikadondoka miguuni pake yote, na kabati likasimama uchi, la rangi ya asali, mara ya kwanza tangu kutoka kiwandani. Lilikuwa zuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelijua kuwa ni zuri.

“Tutamlipa Mama, na tunalichukua,” alisema. “Litakuwa kabati la kwanza katika ukoo wetu kuwekwa nguo.”

“Linafunguka vizuri?” Shemeji akashika kitasa. “Ufunguo uko wapi?”

“Ni mmoja tu,” alisema Muuzaji. “Huyu binti alikuwa nao.”

Macho yote yakanigeukia. Mfuko wa sketi yangu una tundu. Shingoni walikwisha kunikamata mara moja. Nikafanya kilichobaki. Nikapangusa midomo yangu, kama mtu mwenye mafua, na ufunguo ukaingia kinywani.

“Uko wapi?” Dada aliuliza.

“Mmm-mm.”

“Una nini mdomoni?”

Nikashika shavu. Jino.

Shemeji akasogea, macho yanawaka kwa upendo wa kazi. “Fungua kinywa.”

Nikatikisa kichwa. Wakati huohuo Mjomba akatokea nyuma ya vitanda na kitambaa chake shavuni.

“Hata Mjomba?” Shemeji alishangaa.

“Mmm,” alisema Mjomba.

“Samahani,” Dada alimwambia mchumba wake, aibu imemjaa. “Sikukueleza. Kumbe ukoo wetu una meno mabovu.”

“Nitawatibu wote,” alisema Shemeji, na nilimpenda hapohapo. “Ufunguo tutautafuta baadaye. Lipakieni lilivyo.”

“Ila si kwenye gari la Mjomba,” Dada alinong’ona. “Mjomba akiijua nyumba, Mama ameijua.”

“Lori la duka lipo,” alisema Muuzaji.

Vijana walewale wakaja. Wakaliinua, wakalishusha. Yule wa mwanzo akajifuta jasho, akanitazama kwa chuki. “Limenenepa tena!”

Wakalibeba hivyohivyo, hatua kwa hatua, hadi mlangoni, wakalipandisha kwenye lori na kulifunga kamba. Sisi tukasimama chini, sikio langu karibu na ubao. Humo ndani nilisikia mnong’ono, mmoja, kisha wa pili ukiujibu. Sikupata maneno. Haukuwa mnong’ono wa watu wanaogombana. Ulikuwa wa watu wanaopanga.

“Nalipeleka wapi, daktari?” dereva wa lori aliuliza.

Shemeji akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akahakikisha kwamba Mjomba yuko mbali na kwamba hakuna mama yeyote katika upeo wa macho. Akasogea mpaka bega lake likagusa kabati, akashusha sauti, akataja mji, akataja kata, na alipofika kwenye mtaa, gari moja nje ya uzio likapiga honi ndefu.

Honi ikaisha.

Na kutoka ndani ya kabati, kwa adabu, kwa upole, ikatoka sauti iliyozoea kutiiwa:

“Mtaa rudia, mwanangu. Hapo hatukusikia vizuri.”

Nilishtuka, nikameza.

Hayakuwa mate.